Kibuyu Nyuma ya Jiko

Jumapili, tarehe 16 Novemba. Asubuhi ukungu ulilala juu ya migomba mpaka ibada ikafika katikati, halafu ikaja mvua ndogo, halafu jua la kuunguza utosi. Sasa ni jioni, kumetulia, na barabara bado ina tope.

Nataka kuandika habari za Mama Mwinjilisti. Nimeanza mara kadhaa nikaacha, maana mimi ni mtu wa darasa la saba na kalamu yangu huzunguka sana kabla ya kufika. Sitaandika alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani, hayo wenyewe wanayo. Nitaandika ninayoyajua, na nisipojua nitasema sijui. Jina lake pia siliandiki. Hapa Kituntu hakuna anayelitumia. Mumewe alikuwa mwinjilisti wa mtaa wetu, akafa, yeye akabaki na cheo. Hata wajukuu zake humwita Mama Mwinjilisti.

Ni mwanamke mfupi, mpana, wa umri wa mama yangu kama angekuwepo. Hatembei kama watu wengine, anakuja tu. Unainua macho kutoka kwenye maharage unayochambua, ameshafika. Miaka yote hii tumepakana kibanja kwa kibanja na sijawahi kumsikia akipiga hodi kwangu. Anapita katikati ya migomba, anatokea nyuma ya nyumba, anafunua sufuria, anachovya kidole, anaonja.

"Mama Advera, siku hizi chumvi mnauziwa kwa punje?"

Mimi nasema, "Shikamoo mama," yeye anasema, "Marahaba mwanangu, ongeza chumvi," na ameshakaa.

Kanisani ndiye anayeanzisha nyimbo, na anaanzia juu mno. Akina baba wanajaribu kumfuata, wanashindwa, wanakaa kimya kama watu waliofungiwa mlango. Mwalimu wa kwaya alimwomba ashuke kidogo. Akamjibu mbele yetu sote, "Mbinguni ni juu au ni chini?" Kuanzia hapo hakuna aliyemwambia tena.

Akisalimia wakwe anapiga magoti mpaka chini, ingawa magoti yenyewe yanamuuma miaka mingi, hata mkwe mwenyewe akiwa kijana wa juzi na barabara ikiwa na tope kama leo. Lakini huyo huyo nimemsikia akibishana na vibarua wa Kirundi wanaomlimia, anabishania tuta moja moja mpaka wanachoka wanacheka. Na hao hao vibarua ndio aliowapa pembe ya kibanja chake wajenge, bure, walipofika hawana pa kulala. Sijui watu kama hawa wanaitwaje. Bahili si neno lake, na mkarimu nalo nikiliandika nasikia kama nimepunguza kitu.

Sasa suala la pombe, maana ndilo lililonikalisha hapa.

Mama Mwinjilisti ni mwenyekiti wa umoja wa akina mama, mimi ni katibu. Katika umoja ule hakuna aliyeisema pombe kwa ukali kama yeye. Msemo wake juu ya lubisi, pombe yetu ya ndizi, tunaujua wote: "Ndizi hazina kosa. Siku ya kwanza ni juisi ya watoto. Siku ya pili mwenyewe ameshaingia." Mwenyewe maana yake Shetani, hapendi kumtaja karibu na chakula. Kulikuwa na mama mmoja wa kwaya aliyekutwa amelewa mnadani Omurushaka. Kwenye kikao ni Mama Mwinjilisti aliyesimama akasema atengwe, asiione Meza ya Bwana mpaka atubu mbele ya watu. Akatengwa. Wiki ile ile tukamwona Mama Mwinjilisti na jembe begani, anakwenda kumpalilia maharage mama yule yule. Nilimuuliza, akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakula.

"Nimemfungia kanisa. Tumbo lake nimelifunga lini?"

Na huyu ndiye aliyekunywa lubisi ya kwangu nyuma ya jiko langu, ya siku ya pili, miaka mingi.

Nieleze vizuri, nisije nikamwonea. Ulipoingia mnyauko wa migomba, kibanja chetu ndicho kilichopigwa vibaya kuliko vyote vya huku. Majani yaligeuka njano, mikungu ikawa inaivia mtini bila kukomaa, na ukipasua ndizi ndani ni kahawia. Bwana shamba akasema ng'oeni, fukieni, msipande kitu cha mgomba mpaka tuwaambie. Sisi ni Wanyambo, na Mnyambo bila migomba ni mtu aliyesimama uwanjani hana nguo. Mume wangu alikuwa haendi tena hata kijiweni. Ndipo nikaanza kukuta mkungu nyuma ya jiko, umelazwa kwenye kona ya ukuta, umefunikwa jani. Wiki hii mmoja, wiki nyingine mmoja. Hakuna aliyesema nimeleta, hakuna aliyesema mmepata? Nilijua ni yeye kwa jinsi alivyofunga kamba ya mgomba, fundo lake linaelekea kushoto. Hakuleta mchana mbele ya watu, na mimi sikwenda kumshukuru. Niliona kwamba nikimshukuru nitalazimika kukubali kwa mdomo kwamba tunalishwa, na yeye alikuwa ametuondolea hilo.

Kibanja kilipopona tukakamua. Huku lubisi ikikamuliwa, jirani ana kibuyu chake, hilo si jambo geni. Nilichukua kibuyu kidogo, nikakijaza siku ya pili, nikakiweka kona ile ile, nikakifunika jani. Sijui nani alinituma. Labda nilitaka kumrudishia, labda nilitaka kujua kama ataipokea. Jioni nilikikuta kitupu, kimeoshwa, kimegeuzwa mdomo chini. Tangu hapo kila tukikamua nakiweka, na kila nikirudi kimeoshwa. Hatujawahi kulitamka, hata siku tuliyolala chumba kimoja kwenye mkutano wa akina mama Kayanga.

Kamera za ulinzi alizileta Advera, binti yetu aliye Dar es Salaam. Na kwa haki lazima niseme kwa nini. Msimu uliopita kahawa yetu iliibwa ikiwa kwenye majamvi, karibu yote iliyokuwa imekauka. Baba yake ana presha. Mtoto yuko mbali, anaogopa, anatuma anachoweza. Fundi alikuja na pikipiki kutoka Kayanga akafunga moja mbele, inayoangalia majamvi, nyingine nyuma chini ya paa, zote za sola, hazina waya, na kale kamashine ka intaneti kakakaa juu ya kabati. Mtu akipita, simu ya Advera inalia hukohuko Dar. Akitaka kusema anasema, sauti inatokea ukutani.

Mama Mwinjilisti alikuwepo fundi alipofunga ile ya mbele, ndiye aliyeshika ngazi. Ya nyuma ilifungwa jioni akiwa ameshaondoka, na mimi sikumwambia. Sikuficha. Haikunijia tu. Ningesemaje? "Mama, kule nyuma usiende"? Ningekuwa nimesema kwamba najua anakwenda.

Kuishi na kitu kile kuna mambo yake. Mwanzoni mume wangu alikuwa anavaa shati safi kwenda kuchota maji kwenye tangi. Tukawa tunagombana kwa kunong'ona, tumesimama upande usioonekana. Advera alikuwa anapiga simu: "Mama, mbona leo baba hajatoka?" "Mama, yule mbuzi wa nani?" Siku moja aliwakemea vibarua kupitia ukutani kwamba wanachuma kahawa mbichi, wakatupa vikapu wakakimbia, ikabidi nikawabembeleze. Lakini pia ndiyo iliyomwona baba yake alipoanguka majamvini, Advera akapiga simu kwa majirani, na aliyefika wa kwanza, amebeba kanga ya kumfunika na anahema kama ng'ombe, ni Mama Mwinjilisti. Kahawa nayo haijaibwa tena. Kwa hiyo siwezi kusema kitu kile ni kibaya. Nimejaribu kusema hivyo na nimeona nasema uongo.

Siku yenyewe mimi nilikuwa nimekwenda mazishini Kanoni na mume wangu yuko kliniki. Kibuyu nilikiacha mahali pake, cha kwanza tangu kamera zifungwe. Kulikuwa na manyunyu. Advera yuko kazini, simu ikalia, akatazama: mtu amejifunika kanga kichwani, ameinama nyuma ya jiko letu, nyumba haina watu. Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Akabonyeza akasema kwa ukali:

"Nani hapo? Nakuona! Weka chini hicho ulichoshika!"

Ile video nimeiona. Sauti ya Advera kwenye kile kidude inakuwa nzito, ina mwangwi, mimi mwenyewe mama yake nisingeitambua. Mama Mwinjilisti ameshika kibuyu, povu liko mdomoni. Anatazama kushoto, anatazama kulia, halafu anatazama juu. Anaweka kibuyu chini polepole kisimwagike. Anavua kanga kichwani. Anapiga magoti kwenye matope.

"Nipo, Bwana," anasema. "Ni mimi. Ni kidogo tu, Bwana, ni cha magoti."

Hapo Advera akamtambua, na akacheka. Hakukusudia, ameniambia akilia, nami naamini. Lakini alikuwa hajaachia kile kitufe. Kicheko kikatokea juu ya ukuta. Na mama yule yuko chini amefumba macho, anasikia Mungu anamcheka.

Alikaa pale muda. Halafu akainuka, akakiosha kibuyu kwa maji ya mvua, akakigeuza, akaondoka.

Advera aliirusha kwenye kundi la familia, na maneno, "Jamani Mama Mwinjilisti!" Mimi nilipoifungua mara ya kwanza nilicheka. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Mume wangu hakucheka, alitoka nje. Nani aliitoa ile video kwenye familia ikaenda kwa watu sijui, na sitamtaja mtu kwa kudhani. Jumapili iliyofuata vijana wa kwaya walikuwa wakikohoa na kuambiana, "Ni cha magoti, Bwana," na wanainama kwa kicheko. Mama Mwinjilisti alianzisha wimbo. Aliuanzia chini. Akina baba wote waliufikia.

Tangu siku hiyo hakukanyaga kwangu. Sufuria zangu nilizifunua mwenyewe.

Kisha alikuja Mzee wa Kanisa, anayesimamia nidhamu ya mtaa. Ni mtu mpole, hapendi ugomvi. Nilimpa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, akachukua punje mbili akazigeuza mkononi bila kuzitia mdomoni.

"Mama Advera, jambo la pombe limeonekana, halina mjadala. Ninachouliza ni kimoja. Kile kibuyu alipewa au alichukua?"

Nilijua swali lina miguu miwili. Ikiwa alichukua, ni mlevi na ni mwizi, mjane wa mwinjilisti ameingia nyumba ya watu wasipokuwepo. Ikiwa alipewa, basi kuna aliyempa, na kwetu anayenywesha naye huitwa mbele ya wazee. Huyo aliyempa ni katibu wa umoja wa akina mama, ndiye anayewasomea wenzake taarifa ya kampeni ya pombe.

Nikasema, "Mzee, siku hiyo sikuwepo. Nilikuwa Kanoni."

"Hukuwepo."

"Sikuwepo."

Ni kweli. Sikuwepo. Nimeligeuza neno lile kila upande na halina uongo hata kidogo, na nimekaa nalo wiki nzima kama mtu aliyemeza mfupa.

Leo asubuhi akasimamishwa mbele. Alivaa gauni lake la sikukuu, jeupe, lenye kola. Mchungaji hakuwa mkali, nimsifu kwa hilo. Akamuuliza kama analo la kusema.

"Ninalo. Nimekunywa lubisi. Si siku moja. Nilikunywa na nikawakataza wengine. Hilo ni langu, naomba mnisamehe." Akamtazama yule mama wa kwaya aliyetengwa siku zile. "Na wewe, uliye mwenzangu, nakuomba peke yako."

Mama yule akaficha uso.

Mchungaji akasema, "Na kile kibuyu cha watu?"

Nilisikia mvua inaanza kwenye mabati. Nilikuwa benchi la tatu, naangalia viatu vyangu, vina tope pembeni.

"Nimeungama nilichokunywa," akasema.

"Nakuuliza kuhusu kuchukua."

"Nimesikia, Mchungaji. Waitu, ndugu zangu, nimemaliza."

Watu wakaguna. Nyuma yangu mtu akasema, hata hakunong'ona, "Na wizi juu." Mchungaji akasema atatengwa kwa pombe, na hilo la pili wazee wataliangalia. Akarudi kukaa, benchi la mwisho karibu na mlango, na hakuna aliyesogea kumpisha, alipita kwa ubavu.

Mchana nilikaa nyumbani nikashindwa kumenya hata ndizi. Nikaenda kwake. Nilipita njia kuu ya barabarani kama mgeni, na nilipiga hodi.

Alikuwa kizingitini anapukuchua maharage, ameshavua gauni la sikukuu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umepitia barabarani? Kwenye migomba kuna nyoka?"

Nikakaa chini. Nikaanza kupukuchua naye, maana mikono haikujua pa kukaa. Maneno yangu niliyokuwa nimeyapanga njiani yalipotea yote.

"Lile dude lenu la nyuma bado lipo?"

"Lipo, mama. Advera amezima sauti."

"Kwa nini azime? Mimi nilimjibu vizuri. Sikumjibu kihuni." Akacheka kidogo, halafu hakucheka tena. "Nilipojua ni mtoto, unajua nilifurahi? Nilikaa siku nzima ile nafikiri ni Yeye aliyecheka. Nikasema basi, nimefika mwisho, hata hasira hana, anacheka. Mjukuu ndiye alinionyesha kwenye simu. Nikasema ahsante, kumbe ni Advera, niliyemfunga nepi."

Nikasema, "Mama, nisamehe."

"Kwa lipi?"

Nikaokota ganda jingine.

"Kwa lipi, Mama Advera? Useme. Leo mimi nimesema mbele ya watu wote, wewe una mimi tu na kuku hawa."

"Mzee wa Kanisa aliniuliza kama ulipewa."

"Ukasema?"

"Nikasema sikuwepo."

Aliendelea kupukuchua. Ganda moja lilikuwa na wadudu, akalitupia kuku.

"Pombe ni yangu, nimeisema. Wizi si wangu. Lakini siwezi kuukataa bila kukutaja wewe. Nikikutaja, nitakuwa nimewaambia watu kitu ambacho hata sisi wawili hatujaambiana." Akanitazama sasa. "Kwa hiyo nimekuachia wewe. Sikulazimishi. Ila jua kwamba nimekuachia."

Nilikaa mpaka bakuli likajaa. Hakunikaribisha kula wala hakunifukuza. Nilipoinuka akasema tu, "Pitia kwenye migomba, ni karibu."

Njiani Advera akapiga simu. Sauti yake ilikuwa imevimba.

"Mama, nimwombe msamaha vipi? Nikimpigia hapokei. Au akipita hapo nyumbani niwashe sauti, niongee naye?"

"Mwanangu, ulimwona akiwa amepiga magoti. Huwezi kumwomba radhi kupitia ukutani. Panda basi."

"Kazini je?"

"Sijui, Advera. Nakwambia ninachoona. Labda nimekosea."

Sikuingia nyumbani. Nilipita moja kwa moja mpaka kwa Mzee wa Kanisa. Nilimkuta anafunga ndama. Sikusubiri aniletee kiti, niliogopa nikikaa nitapata neno jingine la kweli la kujifichia. Nikamwambia: kibuyu kile nilikiweka mimi. Si siku ile tu. Kila tulipokamua, tangu mwaka baada ya mnyauko. Nilikijaza kwa mkono wangu nikakifunika, na nilijua ni cha nani. Hakuchukua cha mtu. Alichukua chake.

Aliacha kamba ya ndama.

"Kwa nini hukusema nilipokuuliza?"

"Niliogopa kukaa benchi la nyuma."

"Unajua sasa utalikalia?"

"Najua, Mzee."

"Na ukatibu?"

"Nao najua."

Aliiokota tena kamba, akasema atawaambia wazee wenzake na Mchungaji, na kwamba neno la wizi litaondolewa mbele ya watu wale wale waliolisikia, Jumapili ijayo. Hakunipongeza, na nashukuru hakunipongeza. Nilikwenda kwa sababu nilisukumwa. Asingesema yeye vile kizingitini, sidhani kama ningekwenda leo, na pengine hata kesho. Hilo liandikwe pia.

Nimerudi giza linaingia. Baba Advera ndiye aliyepika, maana nilichelewa, na hakuniuliza nilikotoka. Tumekula ndizi za dagaa. Ndizi alizimenya nene, na dagaa walikuwa na mchanga kidogo. Tumekula tukamaliza.